Siku Nne Nilizochora Jua Bila Kuliona

Kazi yangu ni kukata vitambaa. Anayeshona ni mama fundi, mwenye cherehani, ambaye nilikuja kukaa naye Voi nilipomaliza darasa la nane kule Rukanga. Yeye humpima mteja na kuniitia namba kwa sauti: kifua, kiuno, urefu. Mimi naziandika, nachora kwa chaki, kisha nakata. Siandiki haraka na sikati haraka. Mama fundi husema sijawahi kumharibia kitambaa hata kimoja, ila bibi harusi akinitegemea mimi atavaa gauni lake siku ya kubatiza mtoto wa kwanza. Wateja hucheka, nami nainamia meza.

Siku ninazotaka kuzieleza zilianza na mita mbili za kitambaa cheusi.

Nyumba yenye duka letu ni ya mama mmoja Mwislamu ambaye ukoo wao ulitoka Pwani zamani. Chini tuko sisi, na mlango wa pili ni duka lake la vyakula. Yeye anakaa ghorofani, na juu kabisa kuna paa la saruji lenye tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Binti yake alikuwa ng'ambo miaka kadhaa akisomea nyota. Aliporudi nyumbani kwa miezi michache, mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari kutoka dukani kwa mama yake, pamoja na unga na mafuta ya kupikia: binti amegundua dunia nyingine.

"Dunia nzima?" mama fundi aliuliza siku aliyoisikia mara ya kwanza, pini zikiwa mdomoni.

"Nzima," mama mwenye nyumba akajibu. "Iko mbali, lakini ni yake."

"Na huko nako kuna vumbi kama hili letu?"

"Jirani, wewe cheka tu. Mimi nimezaa mtu."

Huyo mtu aliingia dukani asubuhi moja na kile kitambaa cheusi. Alikuwa mwembamba, ameshika daftari, ana wino kidoleni. Nilimwambia shikamoo bila kuinua macho.

"Marahaba, lakini usinizeeshe," alisema. "Niite dada."

Alitaka kifuniko, kama hema dogo, la kuzuia mwanga usiingie kwenye ubao wa kuchorea. Wakati anaeleza, mimi nilikuwa nakata sketi ya mzunguko. Alinyamaza katikati ya maelezo yake na kuangalia mkasi wangu ukizunguka mpaka ukarudi ulipoanzia.

"Nani alikufundisha kukata duara hivyo?"

"Hakuna," nilisema.

Akamgeukia mama fundi na kumwomba aniazime kila asubuhi, nusu saa tu, nipande paani nikachore jua.

"Mchukue," mama fundi alisema, "lakini umrudishe kabla chai haijapoa. Na usimpeleke kwenye hiyo dunia yako. Hapa nina sare za shule nzima."

Basi nikapanda. Paani kulikuwa na darubini fupi, nene kama chupa ya chai, juu ya miguu mitatu. Ilikuwa imeelekezwa kwenye jua, na nyuma yake kulikuwa na ubao uliobanwa karatasi nyeupe. Kabla ya jambo lolote, dada alinishika mabega.

"Jicho lako likipita hapa hata mara moja, hulipati tena. Sisi hatuangalii ndani ya darubini. Tunaangalia karatasi. Umesikia?"

Nilisikia. Hadi leo nikipita karibu na darubini ile nafumba macho bila kufikiri.

Kwenye karatasi kulikuwa na duara la mwanga, kubwa kama kisahani, likitetemeka kwenye kingo. Ndani yake kulikuwa na nukta nyeusi, tatu zimekaa pamoja na nyingine ndogo peke yake. Nilidhani ni uchafu, nikainama nikapuliza karatasi. Dada alicheka hadi akashika tangi.

"Hilo si vumbi la Voi, mdogo wangu. Hayo ni madoa, na yako kwenye jua lenyewe."

Akachukua penseli iliyokuwa butu na kugusa pembeni mwa karatasi mara moja tu. Ikabaki alama ndogo, ya kutafuta.

"Jua likiwa kubwa kama kisahani hiki, dunia yetu ni hiyo hapo. Rukanga, Voi, Mombasa, bahari yote, watu wote."

Niliangalia ile alama, kisha madoa. Doa kubwa kati ya yale matatu lingeimeza alama hiyo na kubaki na nafasi. Nilipokuwa nashuka ngazi nilishika ukuta.

Kwa siku za mwanzo alinifundisha. Duara linatembea lenyewe kwenye karatasi, kwa kuwa dunia inazunguka, na upande linakoelekea ndio magharibi. Unaandika hivyo pembeni. Unaisogeza darubini kidogo, duara linarudi mahali pake, unaweka nukta moja, linakimbia tena, unalirudisha. Kila doa linachorwa kwa umbo lake, si kwa umbo unalolipenda. Halafu tarehe, saa, na hali ya anga. Yeye mwenyewe alikuwa na haraka, michoro yake ilikuwa na kingo zilizovurugika. Aliniambia hivyo bila aibu, kwamba mimi nachora vizuri kuliko yeye. Sikuzoea kusikia mtu aliyesoma akisema jambo kama hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja saa.

Ilinichukua wiki nzima kupata ujasiri wa kuuliza kwa nini anataka madoa ya jua na ilhali dunia yake iko kwenye nyota nyingine.

Alifurahi sana kuulizwa. Alishuka nami dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaeleza huku mama fundi akijifanya anashona.

Nyota yake, alisema, ni ndogo kuliko jua na ni nyekundu. Sayari yenyewe haioni, wala hakuna anayeiona. Anachoona ni nyota ikiyumba, kwa kuwa mwanga wake hubadilika kidogo ikija na ikiondoka.

"Ukimshika mtoto mikono ukamzungusha hewani, mtoto ndiye anayezunguka, lakini wewe hutulii. Unapepesuka. Sasa fikiria mtoto haonekani, unamwona anayepepesuka tu."

"Utasema amelewa," mama fundi akasema.

"Ndiyo shida yangu yote hiyo, mama fundi. Sijui kama ana mtoto au amelewa."

Nilicheka kwa sauti, jambo ambalo halitokei sana. Dada akaendelea. Dunia yetu, alisema, nayo inalifanya jua liyumbe, lakini kwa mwendo wa kobe. Na uso wa jua hautulii kamwe. Unachemka kama uji, ukipanda na kushuka kwa kasi ambayo hakuna lori la barabara ya Mombasa limewahi kuifikia. Mtu wa mbali anayetaka kujua kama jua letu lina dunia kama hii anamtafuta kobe kwenye sufuria ya uji unaochemka. Kisha kuna madoa. Akasimama, akaenda kwenye cherehani, akalizungusha taratibu lile gurudumu la mkono.

"Ona. Upande huu unakuja kwako, upande ule unaondoka. Nyota nayo inajizungusha hivi. Mwanga wa upande unaokuja na mwanga wa upande unaoondoka unachanganyika, unasawazika." Akaweka kidole gumba kwenye upande unaokuja. "Sasa hapa pana doa. Mwanga wa hapa umepungua. Uliobaki mwingi ni wa upande gani?"

"Unaoondoka," nilisema.

"Na mimi niliye mbali, nisiyeliona doa, nitasema nini?"

"Utasema nyota inaondoka."

"Na haiendi popote."

Mama fundi aliacha kushona kabisa. "Kwa hivyo doa linaweza kujifanya dunia?"

"Linaweza, mama fundi. Nyota yangu inajizungusha polepole, siku kama sabini kwa mzunguko mmoja. Mapigo ninayoyaona, yaani huko kuyumba kwake, yanakuja kila baada ya nusu ya hizo. Madoa yakikaa pande mbili za nyota, yatanidanganya mara mbili kwa kila mzunguko, sawasawa na mapigo yangu."

"Mama yako anajua?"

Dada aliangalia ukuta wa pili, upande wa duka la mama yake. "Nimemwambia mara tatu. Anasikia pale anapotaka."

Hapo ndipo nilipojua alichokuwa anasubiri. Miaka mitatu ya masomo yake iko kwenye mapigo hayo. Sayari ikiwepo, ni sayari ya mawe, karibu sawa na dunia yetu kwa uzito, mahali pasipo na joto sana wala baridi sana. Angemaliza masomo akiwa na jambo ambalo watu wa kazi yake wangelisoma kila mahali. Isipokuwepo, ana nyota yenye madoa. Na kwa sasa nyota ilikuwa nyuma ya jua letu, mchana kutwa, haionekani kwa darubini yoyote. Ikitoka upande wa pili, wenzake wa ng'ambo wangeipima tena na kumtumia data.

"Sayari haichelewi," alisema. "Doa linazaliwa, linakua, linakufa, na jingine linazaliwa mahali pengine. Mapigo yakirudi siku ileile niliyoipigia hesabu, ni sayari. Yakipoteana, ni nyota."

Kwa hiyo michoro ya jua ilikuwa ya kumzoesha macho. Alitaka kuona, kwa nyota moja tunayoiona uso, jinsi madoa yanavyoishi. Alikuwa na picha nyingi kutoka vyombo vikubwa vya angani, nilikuja kuziona kwenye kompyuta yake, nzuri mno. Lakini alisema picha hizo anazipitia kwa dakika mbili, na mchoro unamlazimisha akae na jua.

Mimi nilikaa nalo. Sijui niseme vipi jinsi nilivyolipenda. Nilikuwa nimelijua jua tangu utotoni kama kitu cha kukimbia, kitu kinachokausha mahindi kabla hayajabeba. Sasa nilijua kila asubuhi lina sura yake. Doa nililolichora Jumatatu ukingoni mwa mashariki, jembamba kama kijiti, lilikuwa duara kamili Ijumaa. Mengine yaligawanyika. Moja lilikuwa na mkia. Nilijikuta nikipanda ngazi haraka, mimi.

Kisha dada akasafiri kwenda Mombasa kwa siku sita, kwa ndugu zake. Aliniachia darubini na daftari. "Usijisumbue sana," alisema. "Chora unachokiona."

Siku ya kwanza nilichora. Jua lilikuwa na kundi kubwa la madoa, limeshavuka katikati. Siku ya pili nilipoamka Mlima Sagalla haukuwepo. Ilikuwa miezi ile ya baridi ambapo mawingu hushuka na kukaa kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka. Nilisubiri paani hadi mama fundi akaniita mara mbili. Hakuna kitu. Karatasi ilikuwa nyeupe.

Nataka kueleza nilivyofikiri, kwa sababu wakati ule haikuonekana kwangu kama uongo. Dukani kwetu mtoto wa shule akikosa kuja kupimwa, hatuachi kukata sare yake. Tunachukua kipimo cha mwaka uliopita, tunaongeza inchi moja na nusu, na sare inamkaa. Tumefanya hivyo kwa mamia ya watoto. Na shuleni, nafasi uliyoiacha wazi ni kosa, hata kabla mwalimu hajasoma ulichoandika kwingine. Basi nilichukua mchoro wa jana. Nilikuwa nimeona kwamba madoa husogea kama nusu inchi kwa siku. Nikachukua tepu, nikapima, nikalisogeza kundi nusu inchi kuelekea magharibi. Nikaandika tarehe na saa. Kwenye hali ya anga nikaandika: wazi.

Siku ya tatu mawingu. Nusu inchi. Siku ya nne mawingu. Nusu inchi. Siku ya tano vivyo hivyo, na kundi langu likawa limefika ukingoni, limepangika vizuri.

Siku ya sita anga ilifunguka. Niliweka karatasi nikiwa na hakika kabisa nitakachokiona, mkono tayari na penseli. Kundi halikuwepo. Hata kijiti cha ukingoni hakikuwepo. Na upande wa mashariki, ambako mimi nilikuwa nimeacha peupe kwa siku nne, kulikuwa na madoa mapya mawili makubwa ambayo sikuyajua kabisa. Nilihisi kama nimeingia nyumba ya watu wengine. Nilichora nilichokiona, nikalifunga daftari.

Dada aliporudi alitandaza michoro yote kwenye sakafu ya paa, akaizuia na mawe isipeperuke. Nilisimama karibu na tangi. Alipita mstari mzima, akarudi nyuma, akachuchumaa.

"Siku hizi nne jua lilitoka?"

Niligeukia tangi.

"Mdogo wangu, sikuulizi kama polisi."

"Halikutoka," nilisema.

"Doa hili linatembea hatua moja, hatua moja, hatua moja, mpaka ukingoni. Sawasawa kabisa. Ulitumia nini?"

"Tepu."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Jua ni mpira. Doa likikaribia ukingo linaingia kwenye mviringo, kwa macho yetu hatua zake zinafupika. Wewe umelitembeza kama liko mezani kwenu, kwenye kitambaa. Na huenda lilikufa njiani, nyuma ya mawingu, kabla halijafika ukingoni."

Nilimweleza yote, sare, inchi moja na nusu, mwalimu. Nilieleza nikiangalia miguu yangu. Nilijua ananiondoa kwenye kazi ile, na nilishangaa jinsi nilivyoumia, maana haikuwa hata kazi yangu. Mwisho nikasema nitafuta.

"Usifute," alisema. Akachukua penseli, akaukata kwa mstari mmoja mchoro wa siku ya pili, na pembeni akaandika neno moja: mawingu. Akanipa penseli. Nikaandika mengine matatu mwenyewe. Mawingu. Mawingu. Mawingu.

Nilidhani yameisha. Lakini yeye alibaki amechuchumaa palepale, akiangalia lile kundi langu la uongo likienda ukingoni kwa utaratibu. Mama yake akaita kutoka chini kwamba chapati zinapoa, naye akavuta mchoro mmoja karibu.

"Unajua," alisema hatimaye, "kwenye nyota yangu pia kuna siku za mawingu. Siku nyingi. Na kuna madoa nisiyoyaona. Nina hesabu kwenye kompyuta inayoondoa kuyumba kunakoletwa na madoa, lakini lazima niiambie doa la nyota ile linaishi muda gani. Sijui linaishi muda gani. Nilijaribu muda mfupi, sayari ikafifia. Nikajaribu muda mrefu, sayari ikasimama vizuri. Nikachukua ule mrefu."

"Ulidanganya?" niliuliza, na papo hapo nikatamani kuingia ndani ya tangi.

Hakukasirika. Alilifikiria swali lenyewe.

"Hapana. Niliandika ule mfupi na ule mrefu. Ila mmoja niliuweka mbele kwa herufi kubwa, na mwingine nikauweka nyuma ambako watu wanasoma wakiwa wamechoka. Nilijua ninachotaka kukiona, kama wewe. Wewe ulitumia tepu. Mimi nilitumia kompyuta ya chuo."

Akageuza mmoja wa michoro yangu ya mawingu na kuandika nyuma yake, polepole, akifuta mara mbili. Kisha akanisomea. Iliandikwa hivi: Data mpya zikija, mapigo yakikosea tarehe yake kwa zaidi ya siku tatu, sitasema nina sayari.

"Siku tatu, kwa nini?" niliuliza.

"Kwa sababu leo sina ninachokitetea. Nimepiga hesabu nikiwa na akili zangu. Data zikija nitaanza kutafuta sababu za siku nne, siku tano. Kaa nayo wewe. Usinipe mpaka niwe nimemaliza kupima, hata nikikuomba."

Nikaiweka kwenye droo ya zipu.

Wiki zilipita. Nyota ikatoka nyuma ya jua, na huko ng'ambo ikaanza kupimwa. Tuliendelea kuchora, na daftari likawa na neno mawingu mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mama mwenye nyumba aliendelea kuwaambia wateja habari za dunia ya binti yake, na sasa aliongeza kwamba inathibitishwa.

Data zilikuja alasiri moja. Nilijua kwa sababu dada hakupanda paani asubuhi iliyofuata, wala ya pili yake. Siku ya tatu, saa nne hivi, aliingia dukani. Uso ulikuwa wa mtu asiyelala. Hakumsalimu hata mama fundi.

"Ile karatasi," aliniambia. "Niliandika siku tatu, au tano?"

Nilijua alichonisomea. Nilijua pia kwamba anajua. Sijawahi kumkatalia mtu mzima kitu. Mteja akisema sketi ni fupi, naikubali kuwa fupi hata kama tepu inasema nyingine. Nilishika ukingo wa meza.

"Dada, ulisema nisikupe mpaka umalize kupima."

"Nimemaliza."

"Basi niambie kwanza wewe. Yamekosea siku ngapi?"

Mama fundi alitoa mguu kwenye pedali. Nje lori lilipiga honi na kupita.

"Nne," dada alisema. "Na yamepungua nguvu. Si sana. Profesa wangu anasema tunaweza kuandika kwamba bado inawezekana. Siku nne si nyingi. Vipimo vina makosa yake. Kuna njia za kulieleza."

Nilifungua droo, nikatoa karatasi chini ya zipu, nikamkabidhi. Hakuihitaji, lakini aliisoma yote, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja. Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa mtandio. Mama fundi akamletea chai, akasimama nyuma yake, akamwekea mkono kichwani kama vile ni mtoto wake.

"Kwa hivyo haiko?" mama fundi aliuliza kwa upole.

"Sijui, mama fundi. Inaweza kuwepo. Lakini siwezi kuitenganisha na nyota. Nyota inapiga kelele palepale sayari ingenong'ona. Mpaka tuijue nyota yenyewe vizuri, nikisema ipo nitakuwa nasema ninachotaka."

Aliandika barua yake pale pale, kwenye meza ya kukatia, kompyuta ikiwa juu ya kitambaa cha sare. Aliandika kwa Kiingereza na kunisomea kwa Kiswahili, si kwa sababu ningeweza kumsaidia, nadhani alitaka tu kuyasikia. Aliandika kwamba anaiondoa sayari kwenye kazi yake. Kwamba ule muda mrefu aliouchagua hauna ushahidi. Kwamba atamaliza masomo kwa kueleza madoa ya nyota ile, jinsi yanavyozaliwa na kufa, ili anayekuja baadaye ajue cha kuondoa. Kwamba itamchukua mwaka mwingine. Nimewahi kuona watu wenye nguvu, wabeba magunia, akina mama wa Makwasinyi wanaoshuka na kuni mgongoni. Sijawahi kuona mtu akibeba kitu kizito kama kile alichobeba kidoleni alipobonyeza kutuma.

Kilichobaki ni mama yake.

Alikwenda kumwambia mwenyewe, mlango wa pili, na sisi tuliokuwa upande huu wa ukuta tulisikia sauti ya mama ikiuliza, "Unataka kula?" Hilo tu.

Lakini habari haikai. Siku iliyofuata nilitumwa kununua uzi mweupe, na ilinibidi kupitia dukani kwake kuchenji. Kulikuwa na mwanamke mmoja kaunta, mteja wa kila siku, mwenye mdomo.

"Mama, nasikia ile dunia imepotea," alisema akitabasamu. "Sasa tutahamia wapi?"

Mama mwenye nyumba alikuwa anapima mchele. Hakuacha kupima.

"Mwanangu alisema ipo, kwa sababu aliiona," alisema. "Ameangalia tena, sasa anasema hajui. Ameandika hivyo na kutuma kwa wakubwa zake, hakusukumwa na mtu. Wewe umesimama mbele ya kaunta hii miaka yote. Umewahi siku moja kusema hujui?"

Yule mwanamke alifungua mkoba wake.

"Nipe na chumvi," alisema.